Kurasa Nane na Chupa ya Chai: Mwongozo Kamili wa Kusoma Kunakoingia Maishani

Mtu akikuuliza "Umesoma mpaka wapi?" hakuulizi ukurasa, anakuuliza darasa. "Yule amesoma" maana yake ana cheti. "Mwanangu anasoma Morogoro" maana yake yuko shuleni au chuoni huko. Neno kusoma kwetu limebeba shule nzima mgongoni, na kengele yake, na mtihani wake, na fimbo yake. Ndiyo maana wengi wetu matokeo yalipotoka tulifunga vitabu kama mtu aliyemaliza kulipa deni.

Mimi nilivifunga kidato cha nne. Nilivifungua tena nina miaka 38, nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, na kwa karibu mwaka mzima nilisoma ovyo. Nilisoma vitabu vya mafanikio kimoja baada ya kingine, vile ambavyo jalada lake lina mtu amenyoosha mikono juu ya mlima. Nilivimaliza vyote. Siku moja mke wangu akaniuliza, wala hakuwa na ubaya: "Baba Asha, vitabu vyote hivi, mbona mtu akikukatiza maneno bado unafoka?" Sikuwa na jibu. Kabati lilikuwa limejaa, mwenyewe niko vilevile.

Haya ninayoyaandika yametokana na swali hilo. Nilichokuja kuamini ni hiki: kitabu chenyewe hakimbadilishi mtu. Kinachombadilisha ni kale kajambo kadogo anakojaribu siku ileile aliyosoma, akili yake ikiwa imetulia kiasi cha kuona kama kamefaa au hakakufaa. Kwa hiyo kuna vitu vitatu: kurasa chache, daftari, na kazi moja ya kila siku unayoifanya ukiwa nayo kweli. Jipe siku thelathini.

Kwanza, siku tatu za kujichunguza

Usinunue kitabu bado. Chukua karatasi, ikunje, iweke mfukoni. Kwa siku tatu andika kila mara unaposhika simu bila kupigiwa wala kuwa na la kufanya nayo. Andika saa na mahali tu: "12:40 asubuhi, kitandani." "4:15, dukani, hakuna mteja." "2 usiku, nasubiri chakula." Usijizuie wala usijilaumu, unahesabu tu kama anayehesabu mifuko ya saruji stoo. Simu nyingi za siku hizi pia zinaonyesha kwenye mipangilio muda uliotumia kila programu. Angalia hapo siku ya tatu, ulinganishe na karatasi yako. Karatasi yangu ilisema kama saa moja kwa siku. Simu ilisema karibu tatu.

Unachotafuta si aibu, ni mwanya. Wanaosema "sina muda wa kusoma" mara nyingi wanasema kweli, hawana saa nzima iliyokaa wazi. Ila karibu kila mtu ana mwanya mmoja wa dakika ishirini unaojirudia kila siku mahali palepale. Mwenye kupanda mwendokasi toka Kimara anao kwenye foleni ya kituo. Mama mwenye mtoto mchanga anao pale mtoto anapolala mchana, ingawa huo ni wa kugombania na usingizi wake mwenyewe, na hapo nitamshauri achague usingizi. Mlinzi wa usiku anao mwingi kuliko sisi sote. Tafuta wako mmoja, uuzungushie duara kwenye ile karatasi.

Kifunge kitabu kwenye jambo unalolifanya tayari

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunaamua "nitasoma kila siku saa 11 alfajiri", kama vile saa ina mikono ya kutuamsha. Saa haimkumbushi mtu kitu. Kinachokumbusha ni tendo. Umeshaswali alfajiri, bado uko kwenye mkeka. Umeshafungua duka, hujaanza kupanga ndoo nje. Umeshainjika chai. Tabia mpya ikae kwenye mgongo wa tabia kongwe, kama mtoto kwenye kanga.

Mimi ni mtu wa chai. Kila asubuhi, wengine wakiwa hawajaamka, nachemsha maji, naweka majani na tangawizi, namimina kwenye chupa. Nilijaribu kuweka kitabu kando ya kitanda, ikashindikana. Nikakiweka sebuleni, nikawa nakipita. Mwisho nikakiweka juu ya kifuniko cha chupa ya chai yenyewe. Ili nipate chai, lazima nikishike kitabu. Nikishakishika, mkono mmoja una kitabu na mwingine kikombe, na hakuna wa tatu wa kushika simu. Jalada la kitabu cha kwanza limebaki na duara la kahawia la kitako cha kikombe, na silijutii.

Simu nayo ipewe makao. Ilale inachajiwa chumba kingine, siyo chini ya mto. Ukiwa unaitegemea kwa kengele ya kuamka, iweke mbali kiasi kwamba lazima usimame kwenda kuizima. Na kama kitabu chenyewe kiko kwenye simu, washa hali ya ndege kabla hujafungua ukurasa. Ujumbe mmoja wa kundi la familia unatosha kukupeleka mbali usirudi.

Kurasa ngapi?

Nane. Siyo namba ya ajabu, ni hesabu tu. Fungua riwaya ya kawaida, weka saa, soma kwa mwendo wako dakika kumi, uhesabu kurasa. Nilipojipima nilipata nne, kwa hiyo dakika ishirini zangu ni kurasa nane. Riwaya ya kurasa 160 inaisha kwa siku ishirini. Ukipata mbili kwa dakika kumi, lengo lako ni nne, basi, na kitabu hichohicho kitakwenda siku arobaini. Usishindane na mtu. Anayejisifu kwamba anamaliza kitabu kwa siku moja, muulize wiki ijayo kilisema nini.

Kabla hujajiita mvivu, kaguliwa macho

Hili nalisema kwa uchungu kidogo kwa sababu lilinila miezi. Kuanzia miaka kama arobaini hivi, lenzi ya jicho inakuwa imekakamaa na haijikunji vizuri kutazama vitu vya karibu. Ni kawaida, inampata karibu kila mtu, hata ambaye hajawahi kuvaa miwani. Dalili zake: unasogeza kitabu mbali mpaka mkono unaisha, unasoma vizuri mchana lakini usiku maandishi yanacheza, kichwa kinauma baada ya kurasa tatu, usingizi unakuja haraka mno. Mtu anadhani kusoma kunamchosha, kumbe ni macho. Nenda ukapimwe hospitalini au kwa mtaalamu wa macho, uandikiwe miwani ya kusomea. Usiokote tu ile ya kwenye kisanduku cha machinga kwa kujaribu, maana macho mawili huwa hayalingani. Ukienda utachunguzwa na mengine, na kuna magonjwa ya macho yanayokuja kimya.

Mwanga nao utoke nyuma ya bega, uangukie ukurasa. Umeme ukikatika, taa ya chaji inatosha. Mshumaa unacheza na unachosha.

Kitabu cha kwanza kiwe hadithi

Najua ulitarajia nikwambie uanze na kitabu cha kujiendeleza. La. Vitabu vya mawaidha vinakupa majibu kabla hujajiuliza swali, na msomaji mgeni anavipenda kwa sababu vinampa hisia kwamba ameshafanya kitu. Riwaya inafanya kazi tofauti: inakuweka ndani ya kichwa cha mtu mwingine kwa wiki tatu, unamwona akikosea, unamtetea, halafu siku moja unagundua unayemtetea ni wewe.

Anza na Kiswahili, na anza na kitu chepesi. Ukipenda upelelezi, kuna Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mzanzibari Muhammed Said Abdulla iliyotoka 1960, yenye mpelelezi Bwana Msa anayefumbua mambo kwa kufikiri tu. Ukitaka nzito zaidi baadaye, Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule aliyepata Nobeli ya Fasihi 2021, imetafsiriwa kwa Kiswahili. Lakini ushauri wangu kwa mwenye mfuko mwembamba ni huu: tafuta riwaya zilizokuwa za mtihani. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu. Vijana wengi wa sekondari Tanzania walipitia hizi, kwa hiyo nakala zake chakavu ziko tele kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, na nyingine ziko chini ya kitanda cha mdogo wako. Zina mistari ya kalamu nyekundu na maneno "dhamira", "ujenzi wa wahusika" pembeni. Usizijali hizo alama. Zisome safari hii kama mtu mzima ambaye hatahojiwa. Nilishangaa: kitabu nilichokikariri nikiwa na miaka kumi na saba ili nipate alama, nilipokirudia nilikuta kina watu ndani.

Maktaba pia zipo. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, iko wazi kwa umma tangu 1967, na mikoani kuna za mikoa. Aliye Nairobi ana McMillan katikati ya mji, jengo la mwaka 1931. Uliza masharti ya uanachama, ingia, kaa. Hata usipoazima, ule ukimya wa watu wanaosoma una nguvu yake.

Namna ya kukijaribu kitabu kabla ya kukichukua: soma ukurasa wa kwanza, halafu ruka mpaka wa thelathini usome huo. Ukiutaka wa thelathini na moja, chukua. Na ukifika nusu kikakukinaisha, kiache bila kuomba radhi. Hakuna mwalimu nyuma yako.

Dakika ishirini zenyewe

Kaa. Usianze kusoma mara moja. Vuta pumzi tatu, uache kila moja itoke polepole kuliko ilivyoingia. Rudia aya ya mwisho ya jana ili uingie tena ndani ya hadithi. Shika penseli, siyo kalamu ya wino, hasa kama kitabu ni cha kuazima. Ukikutana na sentensi iliyokugusa, weka nukta ndogo pembeni, uendelee. Usisimame kuandika.

Akili itaondoka. Utafika chini ya ukurasa ugundue ulikuwa unawaza kodi ya nyumba. Rudi mahali unapokumbuka mara ya mwisho, bila kujitukana. Huko kurudi ndiyo mazoezi yenyewe. Kila ukirudi umefanya mara moja, kama anayenyanyua chuma.

Pakiwa pagumu, soma kwa sauti. Watu wa Pwani tenzi zao zilikuwa za kusikiwa zaidi ya kutazamwa, na sikio letu bado linajua kazi hiyo. Sentensi iliyonishinda kwa macho mara mbili, nikiitamka mara nyingi inajifungua yenyewe. Watoto wakiamka wakakukuta unajisomea kwa sauti jikoni watacheka siku mbili, ya tatu watakuja kukaa.

Daftari la mistari mitatu

Sasa tumefika kwenye moyo wa jambo, na hapa sitaharakisha.

Mwaka 1858 huko Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Mwanzoni kabisa, kabla ya nasaha yoyote, anamwita aje aketi karibu na wino na karatasi. Hilo dogo nimelishika. Mama anajua maneno yake ni mazuri, lakini hayaachi yaelee hewani. Anataka mkono wa binti uwe na kazi wakati sikio linasikia.

Nunua daftari la kawaida la shule, la kurasa 48 linatosha. Kila siku baada ya zile kurasa nane, fungua ukurasa mmoja, andika tarehe, halafu mistari mitatu tu:

Mmoja: kilichonigusa, na namba ya ukurasa.
Wa pili: kinanihusu wapi.
Wa tatu: leo nitajaribu nini, kabla sijalala.

Mstari wa kwanza ni rahisi, unazo nukta zako za penseli. Wa pili unauma kidogo. Wa tatu ndio unaoshinda watu, kwa sababu tunaandika mambo makubwa: "Nitakuwa mvumilivu." Hilo halijaribiki. Utalijaribu saa ngapi, na nani, ukisema nini? Mstari wa tatu lazima uwe na tendo ambalo mtu aliyesimama pembeni angeweza kuliona. "Mpangaji akija kulalamika maji, nitamsikiliza amesimama ndani siyo mlangoni." Hilo linaonekana.

Hebu nikuonyeshe ukurasa wangu mmoja, wa wiki ya pili, kama ulivyo:

"Uk. 61. Yule mzee anajibu kabla mwenzake hajamaliza, halafu anashangaa kwa nini haambiwi kitu.
Mimi dukani. Mteja akisema 'naomba' mimi nimeshataja bei.
Leo mteja mmoja tu, nimwache amalize, nihesabu mpaka tatu ndiyo nijibu."

Saa nne hivi akaja kijana anataka rangi nyeupe ya maji, ndoo ya lita nne. Siku zote ningesema bei na kugeuka kuishusha. Nikanyamaza. Moja, mbili. Akaongeza mwenyewe: "Ile ya mwaka jana ilibanduka yote, sijui kwa nini." Nikamuuliza imebanduka wapi. Chini, akasema, kama futi mbili toka sakafuni, na ukuta unakuwa baridi masika. Hiyo siyo shida ya rangi, ni unyevu unaopanda toka ardhini. Angepaka tena, ingebanduka tena, na safari hii angesema duka langu linauza rangi mbovu. Nikamwambia akaangalie kwanza maji ya mvua yanasimama wapi nje ya ukuta huo, abandue plasta ya chini, aache ukuta ukauke, ndipo aje. Sikuuza ndoo siku hiyo. Alirudi baada ya wiki tatu na fundi wake, wakachukua saruji, dawa ya kuzuia maji, na rangi ndoo mbili.

Sisemi kila mstari wa tatu utakuletea mauzo. Mingi haikuniletea chochote zaidi ya aibu ndogo. Ninachosema ni kwamba ile tatu niliyoihesabu kimoyomoyo imenifunza kusikiliza kuliko vitabu vyote vya mwaka mzima nilivyovisoma nikiwa nimelala chali.

Usiku, kabla ya kulala, rudi kwenye ukurasa huo. Ukijaribu, weka alama ya vema. Usipojaribu, weka duara. Usiandike maelezo, maana visingizio vina kalamu nzuri sana.

Kazi moja, mikono na akili pamoja

Tuseme ukweli, mtu anaweza kusoma kila siku na kuandika kila siku akiwa na akili inayorukaruka kama kuku aliyefungwa mguu, na mstari wa tatu ukampita mchana kutwa asiukumbuke. Mteja anakuja, anaondoka, ndipo unakumbuka ulikuwa uhesabu. Ndiyo maana kuna sehemu hii.

Chagua kazi moja unayoifanya kila siku kwa mikono. Moja tu. Kuosha vyombo, kufagia uwanja, kupiga pasi, kutembea toka nyumbani mpaka kituoni. Kazi hiyo, kwa siku thelathini, ifanye bila redio, bila simu, bila kupanga jambo jingine.

Yangu ni vyombo vya usiku. Beseni mbili, moja ya povu, moja ya kusuuza. Naanza na vikombe kwa sababu havina mafuta. Nasikia maji ya uvuguvugu yanavyopanda mpaka kifundo cha mkono. Sufuria ya wali imeshika ukoko, nailoweka, siilazimishi. Akili inakwenda kwa yule dereva wa gari la mchanga aliyenipunja. Naiona imekwenda, nairudisha kwenye kijiko nilichoshika. Inakwenda tena. Nairudisha. Kijiko, sahani, kijiko. Dakika kumi na tano hivi. Mwanzoni ni upuuzi mtupu na unajiona kichekesho. Kama siku ya tisa au ya kumi, nilijikuta nimesuuza sahani ya mwisho bila kumkumbuka yule dereva hata mara moja, na mabega yalikuwa yameshuka.

Wala si jambo la kuletewa toka mbali. Mwislamu anaijua khushui, anajua tofauti ya swala iliyoswaliwa na swala ambayo mwili uliinama huku moyo uko sokoni. Mkristo aliyewahi kukaa kwenye mafungo ya kimya anajua. Bibi anayechambua mchele kwenye ungo, punje kwa punje, hajawahi kulitaja kwa jina, lakini mwangalie uso wake.

Tahadhari moja. Utulivu huu unaibua vitu. Ukikaa kimya, huzuni uliyoikimbia kwa kelele inaweza kujitokeza. Ikija kidogo, iache ije. Ila ikiwa wiki zinapita usingizi huna, chakula hakipiti, au unawaza kujidhuru, hapo siyo suala la kitabu wala beseni. Zungumza na mtu unayemwamini, mwende hospitali, maana huko wapo wanaotibu hayo.

Siku zitakazoharibika

Zitaharibika. Kutakuwa na msiba, mtoto ataamka na homa, kutakuwa na mahesabu ya mwisho wa mwezi. Kanuni zangu ni mbili. Ya kwanza: siku mbaya soma ukurasa mmoja, hata nusu, hata umesimama, kisha andika mstari wa tatu peke yake. Ya pili: usilipe deni. Ukikosa siku mbili usisome kurasa ishirini na nne siku ya tatu. Soma nane zako. Wanaojilipisha fidia huchoka wiki ya pili na kuacha kabisa, nimewaona, nilikuwa mmoja wao.

Ramadhani ratiba yote inapinduka. Hamishia kitabu baada ya daku au baada ya tarawehe, au kipishe kabisa uweke Qurani mahali pake, kwa mistari mitatu ileile. Mfumo haujali kitabu ni kipi.

Mtafute wa kumsimulia

Hili fupi. Tafuta mtu mmoja, usimsimulie kitabu kizima, msimulie kipande. Mke, dereva wa bodaboda wako, mzee wa kwenye kahawa. Ukishindwa kukisimulia kwa dakika mbili, hukukielewa. Mkifika wanne mnaweza kukutana mara moja kwa mwezi, kitabu kimoja mkipokezana, ila nawasihi: pasiwe na mwenyekiti, pasiwe na katibu, pasiwe na michango. Tunajua vikundi vyetu vinavyokufa. Swali la kuzungushana liwe moja: "Ulijaribu nini?" Atakayeanza kuchambua dhamira mpeni kashata, anyamaze.

Siku ya thelathini

Siku hiyo usisome kurasa nane. Fungua daftari ukurasa wa kwanza, usome lote kwa mkupuo, ukitazama mstari wa tatu tu. Hesabu vema, hesabu duara. Zangu za mwezi wa kwanza: siku nilizoandika 26, vema kumi na moja. Chini ya nusu, na nilifurahi, kwa sababu mwaka uliotangulia ilikuwa sifuri.

Kisha tafuta kinachojirudia. Duara moja moja hazina neno, siku zilikuwa mbaya. Lakini ukikuta jambo lilelile umeliandika mara tatu, mara nne, na kila mara duara, hapo ndipo penye mlango wako, na mwezi wa pili anzia hapo. Usitafute kitabu kinachozungumzia jambo hilo. Unalijua tayari, umeliandika kwa mkono wako mara nne.

Langu lilikuwa hili: "Nimpigie mama bila kuwa na shida." Tarehe nne tofauti, kutokana na kurasa nne tofauti. Mama yangu yuko Muheza. Simu zangu kwake zilikuwa za kutuma hela, za msiba, au za kuuliza mgonjwa. Siku ya thelathini na moja nilimimina chai, nikakiacha kitabu juu ya meza, nikaenda chumba cha pili nikaichomoa simu kwenye chaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, nimepiga tu. Akanyamaza. Nikasikia jogoo upande wake. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Halafu akaanza kuniambia habari za michungwa ya nyuma ya nyumba, kwamba mwaka huu imezaa mpaka matawi yanagusa chini, na kwamba mmoja kati ya ile mitatu ulipandwa na baba wiki niliyozaliwa. Nilikuwa silijui hilo. Chai ilipoa.